Mkaja Mmoja, Viuno Vinne

Kaeni mkao wa kusikiliza, na mwenye sufuria motoni aende akaipue kwanza, maana hadithi hii haimngoji mtu. Nawaonya mapema kwamba ina hasira. Watu wake wana hasira, na mimi kila nikiisimulia napandwa upya, utadhani kofi lililomo humo nilipigwa mimi. Mwisho wake siujui. Mwisho nawaachia nyinyi, na atakayekosea kuamua tutamsema.

Palikuwa na nyumba Tanga, Ngamiani, nyumba ya Mzee Mwinjuma. Nyumba ya mbele na uani, yenye jiko kubwa la saruji. Humo walikaa wanawake watatu ambao kila mmoja Mungu alimpa kitu chake.

Wa kwanza ni Bi Siwema, mke mdogo wa Mzee Mwinjuma. Yeye alipewa sikio. Alijifungia chumbani akajua nani uani kafunua chungu cha nani. Alimtambua mtu kwa kandambili zake kabla hajapiga hodi. Watu walisema sikio la Siwema limeota ukutani, na hawakuwa mbali na ukweli, kwani ukuta wa chumba chake ulikuwa na doa la mafuta ya nywele pale alipozoea kuegemeza kichwa. Alichonyimwa ni mtoto. Hilo kila mtu alilijua, na aliyelisahau alikumbushwa na mke mkubwa.

Wa pili ni Mwanasha, mkaza mwana wa nyumba hiyo. Yeye alipewa akili ya vyombo. Alifanya kazi za ndani Maskati, na kila mashine aliyoifuta vumbi aliijua mpaka tumboni. Wenzake wakienda Maskati hurudi na bangili. Mwanasha alirudi na elimu ya kufungua mashine ya kufulia, pamoja na kiburi cha kutosha nyumba mbili. Alizaa wavulana watupu. Kila alipojifungua aliuliza ni nini, akijibiwa anageukia ukutani.

Wa tatu ni Chausiku, mpangaji wa chumba cha uani, muuza bajia za kunde. Yeye alipewa nguvu. Alitwanga kunde zake mwenyewe kinuni, na gunia la mkaa alilibeba kama mto wa kulalia. Alikuwa na binti mmoja, na binti huyo aliondoka na dereva wa lori bila posa wala salamu. Chausiku halizungumzii jambo hilo. Ningelinyamazia na mimi, lakini mtaa mzima unalo.

Juu ya hao watatu alikuwapo mwenye jiko, Bi Mwantumu, mke mkubwa. Huyo alipewa mdomo, na nadhani Mungu alipomaliza kumpa alijiuliza kama hakuzidisha. Bi Mwantumu alikuwa na binti, Hidaya, na Hidaya alikuwa anaolewa.

Sasa mashine. Mtoto mkubwa wa Bi Mwantumu, ndiye mume wa Mwanasha, aliipata kwenye vyombo vya mitumba vilivyoshuka bandarini, akamletea mama yake. Mashine ya kushindilia taka. Msiniangalie hivyo, zipo. Ni kama kabati fupi la chuma lenye droo kubwa. Unatia taka kwenye droo, unaisukuma ndani, unabonyeza kitufe. Kutoka juu linashuka bamba la chuma, linakandamiza taka mpaka zinalala bapa kama godoro la jela, kisha linapanda lenyewe. Taka za wiki zinakwisha kwenye mfuko mmoja.

Bi Mwantumu akaijengea kizimba cha saruji jikoni, kama kaburi la sharifu. Mgeni akija alionyeshwa mashine kabla hajapewa maji. Wenzake wa mtaani walikuwa wanavizia gari la taka na viroba vyao. Yeye alikaa barazani akisema kwa sauti kwamba kwake taka hazionekani.

Basi, wiki ya harusi ilipokaribia, mashine ikaanza kulia. Inashuka kwa kukokota, inapanda kwa kunung'unika, na jiko zima likawa linanuka samaki aliyesahauliwa. Akaitwa fundi Ngoda, yule wa majokofu. Ngoda akalegeza boliti zake, akaivuta nje, akachomoa plagi, akatoa droo. Nyuma yake alikuta mifupa ya changu, maganda ya viazi na kijiko ambacho Chausiku alishasingiziwa kukiiba. Kijiko kile kilimfanya Chausiku asimsemeshe Bi Mwantumu kwa siku kadhaa, na alikuwa na haki. Ngoda akaosha, akabadilisha kile kifuko cha mkaa kinachonyonya harufu, akapaka grisi mnyororo wa chini na zile skrubu mbili ndefu zinazolipandisha bamba na kulishusha. Halafu akagusa kitu kidogo nyuma ya droo, akatikisa kichwa.

Ilikuwa swichi. Swichi hiyo droo ikifungwa inabonyezwa, na mashine inajua kwamba mdomo umefumbwa, iendelee na kazi. Droo ikiwa wazi, mashine haisogei hata ukiibembeleza. Sasa ilikuwa imekufa.

"Huyu ndiye mlinzi," Ngoda akawaambia. "Mpaka nimletee mwenzake kutoka Dar, plagi isirudi ukutani."

Akairudisha kizimbani, akaikaza boliti, akaenda zake. Maneno yalikuwa mepesi, Kiswahili kitupu, na Bi Mwantumu aliyasikia kama ninyi mnavyonisikia.

Lakini mnazijua nyumba za harusi. Maganda ya ndizi, machicha ya nazi, matumbo ya kuku, manyoya. Taka zikapanda uani mpaka nzi wakawa wageni wa kwanza kufika. Na siku ya hina walikuwa wanakuja wanawake wa upande wa bwana harusi, wakiongozwa na Bi Mgeni, shangazi yake, mwanamke mwenye macho ya kuhesabu. Bi Mwantumu akaona aibu hiyo hailali naye kitanda kimoja. Akamwita mkaza mwana wake akamwambia aifanye mashine ifanye kazi. Mwanasha akamkumbusha ya fundi. Bi Mwantumu akamuuliza, mbele ya watu, kama huko Maskati alifundishwa mashine au alifundishwa kuvaa baibui tu.

Hapo ndipo lilipoingia jambo. Mwanasha angeweza kunyamaza. Akavunja kijiti cha mshikaki, akakichomeka kwenye swichi ile iliyokufa, akarudisha plagi. Mashine ikanguruma. Kuanzia hapo ikawa kipofu. Droo iwe wazi, iwe imefungwa, yenyewe inaona imefungwa. Mwanasha akasema asiiguse mtu yeyote ila yeye. Bi Mwantumu akasema sawa, na hakumwambia hata kuku.

Alasiri ya hina ikafika. Spika barazani, wanawake wanacheza mpaka vumbi linaingia kwenye chai. Hidaya ndani anapakwa hina, na ili apakwe akavua pete ya posa, ikafungwa kwenye kipande cha karatasi, ikawekwa pembeni. Aliyefagia alifagia vyote. Hina ilipokauka pete haipo, na Hidaya akajua palipo na taka zote za nyumba ile. Bibi harusi haendi jikoni, tunajua. Alikwenda. Akavuta droo nusu, akaingiza mkono mpaka karibu na kiwiko, akawa anapapasa katikati ya machicha. Na wakati anainama, nyonga yake ikagusa kitufe.

Sikilizeni sasa kila mmoja alichofanya, na msiruke kitu, maana mtaulizwa.

Siwema alikuwa chumbani kwake amenuna. Hakualikwa kwenye mkeka wa hina. Mke mwenziwe alisema mkono usiozaa usimpake mwari. Kwa hiyo alikaa kitandani, kichwa kwenye doa lake. Taarabu ilikuwa inatingisha mabati, na ndani ya kelele ile Hidaya alikuwa anapiga mayowe asisikike na mtu. Siwema hakusikia mayowe. Alisikia mashine. Aliijua sauti yake kama mtu anavyojua kikohozi cha mumewe: inanguruma, inakaza, inapumua, inapanda. Safari hii ilinguruma na kukaza, kisha ikashika sauti nyembamba ambayo hakuwahi kuisikia. Hakwenda jikoni kuuliza. Alikimbia barazani, akapanda juu ya kiti cha Bi Mgeni, Bi Mgeni mwenyewe kakikalia, akashusha mein swichi ya nyumba nzima.

Spika ikafa. Wanawake wakabaki na viuno hewani. Bi Mwantumu akamwona nani kasimama chini ya mein swichi, akavuka baraza kwa hatua za mwanajeshi, akampa Siwema kofi mbele ya wakwe. Akamwambia tumbo kavu limemtia wivu mpaka anazima harusi za watu.

Siwema akashika shavu. "Nenda jikoni kwanza," akasema. "Halafu rudi unipige la pili."

Jikoni wakamkuta Hidaya amepiga magoti, sauti imekwisha, mkono umelaliwa na bamba la chuma, vidole huko chini kwenye maganda. Taka laini ndizo zilizomnusuru mpaka pale. Chini yake palikuwa na kitu cha kubonyea. Lakini mkono ulikuwa unabadilika rangi, na si ya hina. Mmoja akasema avutwe. Wakamvuta, ngozi ikaanza kubaki. Mwingine akakimbia kurudisha umeme ili bamba lipande.

Mwanasha ndiye aliyemrukia huyo mlangoni na kumkwida. Alijua kitu ambacho wengine hawakukijua: mashine ile ikiwashwa haigeuki pale iliposimama. Inamaliza kwanza safari ya kushuka, ndipo inakumbuka kupanda. Angewasha, wangeuzika mkono peke yake, bila binti mwenyewe. Mwanasha akawaambia chini ya mashine kuna mnyororo kama wa baiskeli na magurudumu mawili ya meno. Ukizungusha gurudumu kwa mkono, skrubu zinazunguka, bamba linapanda pole pole. Ila lazima mashine iinuliwe, mtu alale chali aingize mikono chini. Na mashine ilikuwa imekazwa kwenye kizimba chake cha saruji.

Hapo Bi Mwantumu alikuwa ameweka paji la uso juu ya chuma. Mdomo aliopewa na Mungu ukasema neno moja la kweli siku ile, na wanawake wote, na Bi Mgeni mwenye macho ya kuhesabu, wakalisikia.

"Atakayenirudishia mkono huu," akasema, "mkaja wa Hidaya ni wake. Mimi nimetoka. Nishuhudieni."

Ninyi wadogo huenda hamjui uzito wa neno hilo. Mwanamke akijifungua hufungwa kitambaa tumboni, ndio mkaja. Binti yake akiolewa, upande wa mume huleta kitambaa kipya kwenye sinia, kulilipa tumbo lile. Anayefungwa mkaja mbele ya watu ndiye mama wa bibi harusi. Mkwe anampigia goti yeye. Binti akitoka nyumbani anaomba radhi kwake. Akizaa, anarudi kwake. Asiyefungwa ni mpishi wa harusi tu, hata awe amezaa yeye.

Basi, Chausiku alikuwa bado na ugomvi wa kijiko. Aliusikia msukosuko akiwa kwenye karai lake la bajia, akaliacha mafuta yakiwa motoni. Akaingia na mchi wa kinu. Akauchomeka kati ya mashine na saruji, akaukalia kwa uzito wake wote mpaka kizimba kikapasuka. Akainama, akaingiza bega chini ya chuma kile, akakiinua kwa upande, akakishika. Wanaume waliokuja baadaye walijaribu kukiinua hivyo wawili, wakakiacha. Alimwambia Mwanasha aingie, na asichukue mchana kutwa.

Mwanasha akalala chali kwenye maji ya samaki na nguo yake ya harusi. Hapakuwa na spana, akaletewa koleo la mkaa. Akalibana gurudumu, akazungusha. Kichwani kwake kumeinama chuma ambacho kikimponyoka Chausiku hapana Mwanasha tena. Chausiku jasho linamwingia machoni, hana mkono wa kulifuta. Bamba likapanda unene wa wembe. Likapanda unene wa kidole. Hidaya akautoa mkono wake.

Vidole vyote vilikuwapo, vimevimba kama ndizi mshale. Hospitali walisema kidole kidogo kimepata ufa, vingine vizima. Pete nayo ilipatikana, imekuwa bapa.

Mngedhani watu wangepika pilau wakashukuru. Kesho yake fundi Ngoda akaja na swichi yake mpya mfukoni. Akafungua nyuma ya droo, akachomoa kile kijiti cha mshikaki, akakiinua juu wanawake wote wakakiona. Akauliza ni cha nani. Jiko likawa na watu wengi na halina mtu. Akafunga swichi yake, akajaribu droo ikiwa wazi, mashine ikagoma kama inavyotakiwa. Wakati anafuta mikono akasema, nusu utani, kwamba mnyororo ule ungekuwa na kutu koleo lisingeuzungusha, kwa hiyo kama kuna mkaja unaogawiwa, grisi ilikuwa yake. Walimfukuza na ufagio. Mwanamume kufungwa mkaja, ndilo lililokuwa limebaki.

Lakini alikuwa amekitonesha kidonda. Tangu saa ile nyumba ya Mzee Mwinjuma haikuwa na salamu. Mzee mwenyewe akahamia kwa kinyozi, akawa anarudi kulala tu, akasema mambo ya mikaja ni ya wanawake. Mwanamume ana wake wawili, na siku ya kutumika ana nywele za kunyoa.

Bi Mwantumu alianza kwa kusema kwamba hakusema. Alipoona wasikiaji ni wengi akasema alisema, lakini kwa wazimu wa uchungu, na neno la mwenda wazimu halishikwi. Mwisho akasema kama ni lazima atampa Mwanasha, maana ni mke wa mwanawe, kitambaa kitakuwa kimebaki ndani. Mnaona ujanja? Siwema aliusikia ujanja huo kupitia ukutani, kabla haujamaliza kusemwa, akatoka. Na Chausiku akatoka chumbani kwake na mikono ya unga. Wakakutana uani, na mimi ukuta wangu na ua ule ni mmoja, sikuhitaji sikio la Siwema.

Walitupiana. Mwanasha alimwambia Siwema kwamba alichofanya ni umbea uliopata bahati, kwani asingekuwa anadukua watu asingesikia kitu. Siwema akamjibu kwamba kijiti kile hakikuota pale kama uyoga. Mtu hawezi kumsukuma mwenziwe kisimani, akamtoa, akadai asante. Mwanasha akasema aliyemwamuru kuchomeka yumo humu ndani na anajijua. Bi Mwantumu akamgeukia Chausiku, kwa kuwa ndiye aliyekuwa hana ukoo wa kumtetea, akamwambia mpangaji hana tumbo katika nyumba ya watu, na tena kizimba amekivunja. Chausiku hakupandisha sauti. Alisema kizimba atakijenga, na kijiko kimekwisha kumrudishia jina lake, na binti wa mtu bado ana mkono. Akarudi kwenye kunde zake. Mchi ulisikika mpaka magharibi, na hata kuku hawakupita karibu.

Ijumaa, baada ya sala, sinia likaja.

Bi Mgeni mbele, wanawake nyuma, wanaimba. Juu ya sinia mkaja mwekundu umekunjwa, umefukizwa udi. Wimbo ukafika mlangoni, ukafa wenyewe, maana ndani hapakuwa na wa kuupokea. Wanne walikuwa wamesimama, kila mmoja na kona yake, kila mmoja amevaa kama mama wa bibi harusi. Ndiyo, na Chausiku. Alivaa kanga mpya, hajaifua bado, inasimama yenyewe.

Bi Mgeni akasema yeye alikuwapo, neno alilisikia, na hakuja kufunga mkaja kwa hila. Akauliza amfunge nani.

"Mimi niliisimamisha," akasema Siwema. "Ningechelewa pumzi moja, hawa wangekuwa wanatoa mifupa kwa koleo lao. Kofi nilipigwa mbele yenu. Nifungwe mbele yenu."

"Kusimamisha si kutoa," akasema Mwanasha. "Mkono ulikuwa umesimama na unakufa. Aliyejua njia ya kuurudisha nilikuwa mimi, na nililala chini ya chuma kile nikijua kijiti ni changu. Ndiyo, changu. Nani mwingine humu amelala chini ya kosa lake?"

"Anayejua njia na hana wa kumwinulia, anajua bure," akasema Chausiku. "Mimi nilikuwa sisemi na watu wa nyumba hii. Niliacha karai langu likaungua. Sikuwahi kuletewa sinia mlangoni, na Mungu anajua kwa nini. Nimemaliza."

Bi Mwantumu naye akatoka kwenye kona yake. Mdomo wote ule, na alikuwa na maneno machache. Alisema yeye ndiye aliyemzaa. Alisema mkaja wa kwanza, ule wa damu, aliufunga yeye, na kwamba mtu akiwa amewekewa mkono wa mwanawe kwenye mizani atatoa hata macho. Akawauliza wanawake wa upande wa mume, yupi kati yao asingeahidi vile.

Mmoja akatoa wazo la kuukata mkaja vipande. Bi Mgeni akamgeukia kwa hasira. Akamwambia mkaja uliokatwa ni tusi kwa tumbo, na bibi harusi aliyetolewa kwa mkaja wa vipande hurudi nyumbani vipande vipande. Kitambaa ni kimoja na kiuno ni kimoja, ama sivyo wanarudi nacho, na bwana harusi hatashuka kwenye gari.

Basi akaamua amuulize mwenye mkono. Akasogea kwenye pazia la chumba cha mwari, akamwomba Hidaya ataje jina moja tu, waendelee na shughuli.

Mama yake akawa anaangalia pazia kama mtu anayeangalia mlango wa hakimu.

"Mle jikoni nilikuwa naita mama," Hidaya akasema nyuma ya pazia. "Wakaja watatu. Yule niliyekuwa namwita alikuwa barazani, anampiga makofi aliyesikia."

Alikuwa analia, na si kilio cha huruma. Kilikuwa kilio cha mtu aliyekasirishwa na watu anaowapenda. Bi Mwantumu akakaa chini palepale, kwenye sakafu, na hariri yake. Hakuna aliyemwinua, na hakuna aliyemcheka. Siwema alifanya kama anataka kumsogelea, akajizuia. Nje dereva akapiga honi.

Bi Mgeni akaufunua mkaja. Akaushika kwa ncha zake mbili, mikono imetanuka, nyekundu ile imening'inia katikati ya chumba, na wanawake wanne mbele yake. Na mimi hapo ndipo ninaposhika hasira, maana kila mtu ananiuliza kisha nini, kisha nini, kama vile kuamua ni kazi ya wengine.

Kwa hiyo msiniulize. Na msiniambie wote wana haki, hilo hata mbuzi wa Ngamiani anajua. Msiniambie wapatane, kwani mmeshasikia jinsi wanavyopatana. Ninyi ndio mmeshika ncha mbili za kitambaa, gari linanguruma nje, binti yuko nyuma ya pazia na mkono wake uliofungwa bendeji. Sikio lililosimamisha, akili iliyojua njia na ndiyo iliyochomeka kijiti, bega lililoinua ambalo si la ukoo, au tumbo lililozaa na mdomo wake ukalikana.

Haya, wewe uliyekaa karibu na mlango, usijifanye unasinzia, anza wewe: mkaja huo ungemfunga nani?